Neno "stirrup" kwenye karatasi zetu: ni la farasi, la jembe ao la nguzo?



Somo la mwezi huu haliko juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa mihogo. Ni juu ya neno moja tu la Kiingereza: "stirrup". Najua wengine watasema agronome amekosa kazi. Lakini neno hilo limevunjisha nguzo mbili za depo, na mwenye kosa si fundi, wala si mama prezida wa koperative. Ni mimi.

Munajua namna vitu vinavyotufikia hapa Bunia. Vingi vinatoka upande wa Uganda: vingine vinapita Mahagi, vingine vinavuka ziwa Albert mpaka Kasenyi. Pampu, mbegu, dawa za kupulizia, mabati, vyuma, vyote vinakuja na karatasi ya Kiingereza. Sisi tuliosoma, tulisoma kwa Kifaransa. Na shambani tunasema Kiswahili, kila mtu na lugha ya kwao pembeni. Neno likipita mikono mitatu namna hiyo linaweza kufika likiwa neno lingine.

Namna nilivyokata mstari

Koperative moja ninayoifuata inajenga depo ya mahindi na maharagi, depo ya nguzo 8. Mfadhili alileta plani na orodha ya vifaa, yote kwa Kiingereza. Wakaniita: "Agronome, weye ulisoma, utusaidie." Tukakaa chini ya muti wa avoka, nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Simenti, sawa. Mchanga, sawa. Vyuma vya milimeta 12, sawa. Waya wa kufungia, sawa. Kisha nikafika kwenye mstari ulioandikwa: "Stirrups R6, 200 pcs".

Hapo nikasimama. Neno nililijua, nilikuwa nimelikuta katika vitabu. "Stirrup" ni kile chuma kinachoning'inia pembeni ya tandiko la farasi, fasi mpandaji anapoingiza mguu. Nikawaelezea hivyo. Mama prezida akaniangalia, akahesabu haraka. "Vyuma 200 vya miguu, maana yake farasi 100. Siye hata punda mumoja hatuna!"

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka. Nikasema bila shaka karatasi ilinakiliwa kutoka mradi mwingine wenye wanyama. Nikachukua kalamu, nikakata mstari. Tuliona hata furaha, juu bei ya orodha ilipungua.

Hakuna aliyeuliza kwa nini kitu cha farasi kimeandikwa katikati ya waya na vyuma. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Na hapo ndipo aibu yangu ilipo, maana kwa Kifaransa kitu hicho cha farasi kinaitwa "étrier". Fundi yeyote wa hapa mujini, hata asiyejua kusoma, anatamka "etriye" mara ishirini kwa siku. Neno nilikuwa nalo katika lugha mbili, lakini akili yangu ilikamata farasi, ikakaa juu ya farasi, haikushuka tena.

Kamba ya kupandia

Mbele ya kurudi kwenye depo, niwaambie neno lenyewe linatoka wapi, juu ukijua asili yake hutalisahau.

Waingereza wa zamani sana walisema "stigrap". Ni maneno mawili yaliyounganishwa: la kwanza ni kupanda, la pili ni kamba. Kamba ya kupandia. Jina lenyewe linakupa picha: kitanzi kinaning'inia, unaingiza mguu, unajivuta juu. Huko China, katika kaburi la mwaka wa 302 mjini Changsha, walipata sanamu ndogo ya mpanda farasi mwenye kitanzi cha namna hiyo upande mmoja tu. Upande mmoja unatosha kama kazi yake ni kupandia. Baadaye ndipo kikawekwa pande zote mbili, mtu aweze kukaa imara hata farasi akikimbia. Waroma wa kale, pamoja na nguvu yote ya jeshi lao, hawakuwa na kitu hicho. Walipanda miguu ikining'inia.

Kiswahili cha pwani kinakiita kwa majina mawili. La kwanza ni kikuku, neno lile lile la bangili ya mkono ao ya mguu. La pili ni rikabu, kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupanda mnyama ao chombo. Mzizi huo ndio uliotuletea pia "merikebu" tunayoisoma katika Biblia. Hapa Ituri sijasikia mtu akisema rikabu. Lakini kama munataka kuona rikabu ya Bunia, muangalie moto inayowabeba kutoka soko: vile vyuma viwili vidogo ambavyo motari anavifungua kwa nyuma na kusema "weka miguu, mama". Kazi ni ile ile.

Sasa mushike picha hii moja: kitu kilichopindwa, kinachozunguka na kukamata kitu kingine ili kisianguke ao kisitoroke. Waingereza walichukua jina la kitu cha farasi wakalipa kila kitu chenye sura hiyo. Wafaransa walifanya vile vile. Ndiyo maana unaweza kulikuta neno hilo dukani kwa muuza vyuma, katika sanduku la majembe, hata maternite.

Kijana aliyetumika Arua

Majuma mawili baada ya mkutano ule nilipita kuangalia kazi. Nguzo mbili za mlango mkubwa, ule wa kuingizia gari, zilikuwa tayari zimemwagwa beto. Nyingine sita zilikuwa vyuma tu, zikingoja. Nguzo moja ina vyuma vinne vya kusimama. Nikaona katika kila moja vyuma hivyo vimefungwa pamoja kwa viduara vitatu tu: kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu. Kwa urefu wa mita 3.

Mimi si mjenzi, sikushtuka. Aliyeshtuka ni kijana mmoja mwanachama, aliyewahi kutumika kwenye majengo kule Arua, ng'ambo ya mpaka. Akaomba karatasi, akaisoma, akafika kwenye mstari wangu uliokatwa. "Agronome, nani alikata hii? Stirrup si njo ringi? Kule Uganda tulikuwa tunapinda ringi siku muzima!"

Fundi akatupa mwiko chini. "Niliuliza! Niliuliza etriye iko wapi. Mukaniambia ku plani hakuna etriye. Nikafanya na bipande nilikuwa nabyo."

Na ni kweli, aliuliza. Katibu alimjibu kwa kuangalia orodha, na orodha ilikuwa na kalamu yangu juu yake.

Kazi ya etriye ndani ya beto

Nimejifunza jambo hili kwa fundi yule na kwa injinia mmoja aliyekuja kutuokoa. Nawaandikia kama walivyonieleza, juu koperative nyingi zina mradi wa depo ao wa jukwaa la kukaushia.

Chukueni mabua kumi ya mtama, muyasimamishe pamoja, mufunge kamba moja tu katikati. Kisha mukandamize kutoka juu kwa mikono. Mabua yanapinda kwenda nje, kila moja na upande wake, na fungu linafumuka. Sasa mufunge kamba kila upana wa mkono. Mukikandamiza, fungu linakaa. Nguzo ni hivyo. Uzito wa paa na wa ukuta unashuka juu ya vile vyuma vinne na beto inayovizunguka. Chuma chembamba kikikandamizwa kinataka kupinda kwenda nje na kupasua beto ya pembeni. Etriye ndiyo kamba inayokizuia.

Katika mti wa beto uliolala, kama ule unaopita juu ya mlango, kazi yake ni nyingine kidogo. Huko ufa wa hatari haupasuki katikati. Unapasuka karibu na ncha, pale mti unapokaa juu ya nguzo, na unapanda ukiwa umeinama. Ufa wa namna hiyo hauna huruma: mti unaweza kuvunjika mara moja bila kutoa alama ya kukuonya. Etriye zinasimama kama mishono ya nguo, zinashona pande mbili za ufa. Ndiyo maana plani nzuri inaziweka karibu karibu kwenye ncha, na mbali kidogo katikati.

Na sasa namna ya kusoma mstari wenyewe, juu herufi zile si mapambo. "R6" ni chuma laini cha mviringo chenye unene wa milimeta 6. "Y12" ao "T12" ni chuma chenye mikwaruzo, kile kigumu, cha milimeta 12. "4Y12" ni vyuma vinne vya namna hiyo. Kile kialama cha herufi a iliyozungukwa, munachokiona katika anwani za intaneti, hapa kina maana ya "kila baada ya". Basi R6 ikifuatwa na kialama hicho na 150, maana yake ni etriye za milimeta 6, moja kila milimeta 150. Milimeta, si sentimeta! 150 ni sentimeta 15, kama urefu wa kalamu mpya ya bic. Nimesikia mahali walipozisoma kama sentimeta, wakaweka etriye moja kila mita moja na nusu.

Plani yetu ilisema sentimeta 15 katikati ya nguzo, na sentimeta 10 kwenye nusu mita ya chini na nusu mita ya juu. Hesabu ni rahisi: kwa mita 3 unapata etriye 25. Nguzo 8 mara 25 ni 200. Ile 200 niliyoihesabu kuwa miguu ya farasi ilikuwa hesabu safi kabisa.

Gharama? Nguzo ilikuwa ya sentimeta 25 kwa 25. Ukitoa sentimeta mbili na nusu kila upande, ili beto ifunike chuma kisipate kutu, etriye inabaki na upande wa sentimeta 20. Pande nne ni 80, ongeza ncha mbili za kupinda ndani, inafika karibu mita moja. Chuma kimoja cha mita 12 kinatoa etriye 12. Vyuma 17 vilitosha kwa depo yote. Vyuma vyembamba, vya bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha.

Mambo mawili ambayo fundi wetu alisisitiza. Ncha za etriye zinapindwa kuingia ndani, kuelekea moyo wa nguzo, urefu wa vidole vitatu hivi. Zikiachwa zimelala pembeni tu, siku ya uzito zinafunguka kama kifungo cha shati. Na ncha hizo zisifuatane kwenye kona moja kutoka chini hadi juu: hii kona hii, inayofuata kona nyingine. Ukifika kwenye kazi yenu mbele beto haijamwagwa, mambo haya unaweza kuyaona kwa macho hata kama haukusoma ujenzi. Beto ikishamwagwa hakuna anayeona kitu.

Mkutano wa pili

Ilibidi kuamua juu ya zile nguzo mbili. Zilikuwa na siku nne. Zimesimama vizuri, zimenyooka, wapitaji wanazisifu. Papa mmoja mzee alisema: "Tuziache. Zimeshakauka. Tutaweka etriye kwa zile zilizobaki." Wengi waliitikia. Simenti ya zile mbili ilikuwa karibu mifuko mitatu, na kila mfuko unajua ulitoka katika michango ya nani.

Injinia aliulizwa kama zitaanguka. Alijibu kwa ukweli: "Siwezi kusema kesho zitaanguka. Naweza kusema kwamba sitalala chini yake." Mama mwenye kushika sanduku la franga akauliza mlango ule watapita nani. Watoto, akajijibu mwenyewe, maana siku ya kupima mahindi watoto wanakaa pale mlangoni kuokota punje. Hakuongeza neno.

Walivunja. Nilikuwepo. Sauti ya nyundo juu ya beto ya siku nne ni sauti mbaya kwa mtu aliyekata mstari. Vyuma vya kusimama vilitolewa, vikanyooshwa, injinia akavikagua akakubali vitumike tena. Simenti ilipotea. Nililipa mfuko mmoja na vyuma vitano vya etriye kutoka mfukoni mwangu. Vilivyobaki walilipa wao. Sikuona kama ni haki kabisa, lakini ndivyo walivyoamua, na mama prezida alisema tangu siku hiyo agronome atasoma orodha mara mbili na fundi akiwa pembeni.

Jembe lenye jina hilo hilo

Turudi shambani, fasi ninapojua zaidi ninachosema. Mwaka huu koperative kadhaa zimepokea jembe linaloitwa kwa Kiingereza "stirrup hoe". Liko na mti mrefu kama wa fagio, na kichwani badala ya ubao wa chuma kuna bamba jembamba lililopindwa, linalofanana kabisa na kile kikuku cha farasi. Chini ni bapa na kali pande zote mbili, katikati ni wazi, udongo unapita ndani. Kwenye kiungo kichwa kinacheza kidogo, mbele na nyuma. Wanachama wengi walidhani limelegea, wakapiga msumari lisicheze. Tafadhali mutoe misumari hiyo! Kucheza ndiyo kazi yake: ukisukuma, bamba linainama upande mmoja na kukata, ukivuta, linainama upande wa pili na kukata tena. Sisi tumelipa jina la jembe-kikuku.

Halichimbi. Linapita chini ya ngozi ya udongo, sentimeta mbili tatu hivi, na kukata majani mabaya pale shina linapokutana na mizizi. Unatumika umesimama wima, mgongo haupindi. Kwa mama aliyezoea kulima ameinama tangu asubuhi, hilo peke yake ni sababu ya kulijaribu.

Lakini lina masharti, na asiyeyafuata atalitupa nyuma ya nyumba baada ya juma moja. Kwanza, muda. Majani yawe madogo, urefu wa kidole ao chini yake. Yakifika magotini, jembe-kikuku linapita juu yake kama kitana kwenye nywele zilizosokotwa. Katika maharagi, kazi ni kati ya juma la pili na la tano baada ya kupanda. Maharagi yakianza kutoa maua, usiingie tena kuyasumbua. Pili, hali ya udongo. Ulimaji huu unataka udongo uliokauka juu na asubuhi yenye jua linalokuja, ili majani yaliyokatwa yanyauke kabla ya jioni. Ukilima udongo ukiwa umelowa, mvua ya mchana itayapanda tena, na bamba litashika matope. Katika msimu wetu wa mvua ya mwezi wa nne munajua asubuhi za namna hiyo zinahesabika. Ukiona moja, acha mambo mengine.

Tatu, na hapa ndipo tunashindwa zaidi: mistari. Mwenye kutupa mbegu ovyo hana fasi ya kupitisha chombo hiki. Mistari ya maharagi ya sentimeta 40 inakubali bamba la sentimeta 15 bila shida. Vitunguu vya sentimeta 20 vinataka bamba dogo zaidi na mkono mtulivu.

Kwa kahawa naona faida yake ni kubwa. Mizizi ya kahawa inayokula iko karibu na juu, na jembe letu la kawaida linaikata kila mara tunaposafisha shamba. Jembe-kikuku linaiacha, na majani yaliyokatwa yanabaki juu kama blanketi, mvua haibebi udongo kwa urahisi kwenye miteremko yetu. Fasi lisiposaidia ni kwenye ndago na majani mengine yenye kamba chini ya ardhi. Ukikata juu, chini yanacheka, na siku kumi baadaye yamerudi. Kwa hayo bado tunahitaji jembe la zamani, kuchimbua na kutoa kamba nje.

Hakuna haja ya kungoja sanduku kutoka Uganda. Fundi wa chuma anayetengeneza visu na mapanga anaweza kulitengeneza akiona moja: bamba la chuma gumu, kupinda mara mbili, boluti moja isiyokazwa mpaka mwisho. Kulinoa ni kwa tupa, kidogo kidogo, pande zote mbili.

Pampu, na mengine

Wafugaji nao watakutana na "stirrup pump". Ni pampu ya mkono inayowekwa ndani ya ndoo, na nje ya ndoo inashuka kipande kilichopindwa ambacho unakikanyaga kwa mguu ili pampu isiruke. Mmoja anapampu, mwenzake anashika mpira na kupulizia. Wakati wa vita vya pili vya dunia, watu wa London walizitumia kuzimia mabomu ya moto yaliyoanguka juu ya nyumba. Huku kwetu kazi yake ni kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Jambo moja tu: mwenye kukanyaga anasimama kabisa pembeni ya ndoo ya dawa, na kila tone linaloruka linaanguka juu ya mguu wake. Avae buti, si sandale. Na ndoo isioshwe mtoni.

Mama waliozalia maternite wanajua vile viegemeo viwili vya chuma pembeni ya kitanda, fasi ya kuweka miguu. Katika orodha za vifaa vya hospitali navyo vinaitwa "stirrups". Katika sikio la kila mmoja wetu kuna mfupa wenye sura hiyo hiyo, karibu milimeta 3 tu, mdogo kuliko mifupa yote ya mwili, nao Waingereza wanauita hivyo, na Wafaransa wanauita étrier. Bila huo musingesikia nikisomewa gazeti hili.

Na ninyi munaohudhuria mikutano ya miradi, munalijua neno hili bila kujua. Wakubwa wakisema kwa Kifaransa kwamba mradi unataka kuiwekea koperative mguu ndani ya "étrier", wana maana ya kuisaidia kuanza, kama mtu anayemshikia mwenzake kikuku ili apande. Kupanda na kuendesha ni kazi ya mwenye farasi.

Kwenye karatasi, namna ya kutambua ni neno gani kati ya haya ni kuangalia majirani zake. "Stirrup" ikiwa karibu na waya, beto na namba zenye R, ni etriye. Ikiwa karibu na jembe na mpini, ni ile ya shambani. Ikiwa karibu na ndoo na mpira, ni pampu. Ikiwa karibu na tandiko na hatamu, hapo mucheke na muniite, nataka kuwaona hao farasi.

Etriye za depo zimekwisha kufungwa zote, 25 kwa kila nguzo. Nilizihesabu mimi mwenyewe kwa kidole. Beto ya mlango itamwagwa juma lijalo kama mvua itatuachia siku mbili.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete ofisini siku ya soko, na aje na fundi wake. Na mbele ya toleo lijalo, neno moja haliwezi kungoja. Katika vitabu vya jikoni, "dressing" ni mchuzi wa saladi. Kwa muganga ni bandeji. Lakini kwenye mfuko wa mbegu, "dressed seed" ni mbegu iliyopakwa dawa ya sumu, mara nyingi yenye rangi nyekundu, kijani ao buluu. Mama mmoja aliniuliza juzi kama akiiosha mara tatu inaweza kupikwa. Hapana. Hata ikioshwa mara kumi. Ipandwe, na mfuko wake usiwekwe unga.